Mtu wa mto nataka kupanda mawimbi ya bahari Costa Rica: niende Mei au Novemba?

BintiWaKambi (Jinja)

Habari zenu. Naomba ushauri juu ya safari ambayo nimeiwekea akiba miaka mitatu sasa.

Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi hapa Jinja. Nyumbani kila jirani alikuwa na lugha yake, Kiswahili ndicho kilichotuunganisha na ndicho kilichonilea, kwa hiyo naandika hapa nikijua nitaeleweka. Nina miaka 31. Kazi yangu ni kayaki ya usalama kwenye Nile: wageni wanashuka na mashua za mpira, mimi natangulia chini ya maporomoko, na yeyote anayetupwa majini namfuata. Nimeifanya tangu nikiwa na miaka 19.

Siku zisizo na wageni napanda wimbi la mtoni, kwanza kwa kayaki na sasa kwa ubao, kwa kusimama. Ambao hamjaona: wimbi la mtoni halihami. Mwamba uko chini, maji yanaupita kwa kasi, yanainuka nyuma yake, na wewe unabaki pale pale juu ya mgongo wa wimbi huku mto mzima unakimbia chini ya miguu yako. Ukikaa dakika mbili hujaenda popote, lakini mapaja yanawaka moto.

Kupiga kasia nilijifunzia Bujagali. Bwawa likajengwa, likakamilika mwaka 2012, na yale maporomoko yakazama. Mwaka 2019 likaja la Isimba, chini zaidi, na kipande kingine cha mto kikanyamaza. Umeme siukatai, kwa mama taa zinawaka na friji inafanya kazi. Lakini kuna sauti ya maji niliyolala nikiisikia utoto wangu wote na siku hizi nikipita pale kuna ziwa tu. Tangu wakati huo nimekuwa nikiwaza mawimbi ambayo hakuna mtu anayeweza kuyafungia lango.

Mwaka juzi tulikuwa na mgeni, mzee mmoja wa Costa Rica. Tulipokuwa tunangoja mashua ya pili pale kwenye maporomoko ya Itanda alipiga magoti mchangani akanichorea kwa kidole ghuba ya Pavones, kusini kabisa mwa nchi yao, karibu na mpaka wa Panama. Akasema wimbi la pale linavunjika kuelekea kushoto, na siku nzuri linakwenda mbali mpaka unarudi kwa miguu kando ya ufuo badala ya kupiga makasia. Mimi nasimama na mguu wa kulia mbele, kwa hiyo kushoto ndiko ninakotazama. Ile picha haijanitoka kichwani.

Sasa maswali. Kazini wageni hupungua wakati wa mvua, naweza kupewa wiki tatu mwezi wa tano au wa kumi na moja. Upi ni bora? Je, niende moja kwa moja Pavones? Nina shilingi milioni 17 mkononi, zitatosha? Na jambo ninaloliogopa kidogo: baharini nimefika mara moja tu, Mombasa, safari ya shule, tukaoga hadi magotini. Maji kujaa na kupwa sijawahi kuishi nayo. Mtu anayejua anielezee taratibu.

---

MzeeWaLikoni (Kisenyi, Kampala)

Binti yangu, karibu. Mimi nauza vipuri hapa Kisenyi mwaka wa 22 huu, lakini nilikozaliwa ni Likoni na baba yangu alikuwa mvuvi wa ngalawa. Costa Rica sijafika. Kijana wangu ni baharia, meli yao hupita mfereji wa Panama, na kila akirudi namuuliza habari za maji ya kule kuliko habari za miji. Kwa hiyo nitakujibu lile la mwisho, kwa sababu ndilo lenye uzito.

Ulivyolieleza wimbi lako nimefurahi, kwa sababu la baharini ni kinyume chake kabisa. Mtoni wimbi limesimama na maji yanakimbia. Baharini maji karibu yamesimama na wimbi ndilo linalokimbia. Tazama kifuu cha nazi kikielea nje ya mwamba: wimbi likija kinapanda, likipita kinashuka, na kinabaki karibu pale pale. Kinachosafiri ni msukumo. Likikaribia ufuo, chini kunalibana, miguu yake inachelewa, kichwa kinaendelea, linaanguka. Wimbi la mita moja huanguka penye kina cha mita moja na robo hivi. Kumbuka kipimo hicho, maana ndicho kitakachokuambia ukianguka kichwa kiko umbali gani na mchanga.

Mto unakupa kasi bila kuomba. Bahari haikupi. Lazima upige mikono kwa nguvu mpaka mwendo wako ukaribie mwendo wa wimbi, ndipo likubebe. Mabega yako ya kayaki yatakusaidia sana hapo. Kitakachokusumbua ni kwamba una sekunde mbili za kusimama, si muda wa kujipanga kama mtoni.

Kujaa na kupwa: maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila safari saa sita na dakika kidogo, na kila siku ratiba inasogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu kuna bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu kuna maji mafu, tofauti ni ndogo. Upande wa Pasifiki wa Costa Rica maji hupanda na kushuka mpaka mita tatu hivi wakati wa bamvua, si mbali na kwetu Mombasa. Upande wa pili, wa Karibi, hayafiki hata nusu mita. Maana yake ni kwamba Pasifiki ufuo ule ule una sura tofauti saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Palipokuwa na wimbi laini pana mwamba wazi, au pana kina mpaka wimbi halivunjiki. Kila usiku kabla ya kulala angalia jedwali la maji kama unavyoangalia saa.

Upepo. Kwetu kuna umande, ule upepo wa alfajiri unaotoka bara kwenda baharini. Huo ndio rafiki yako. Unalikabili wimbi usoni, unalisimamisha, linakuwa safi kama kioo. Jua likipanda upepo unageuka, unatoka baharini, unavurugavuruga kila kitu. Wewe wa Jinja unaujua mchezo huu, ziwa nalo linafanya hivyo hivyo. Basi uwe majini kabla jua halijachomoza.

La mwisho, na nakuomba ulishike. Maji yote yanayoletwa ufuoni na mawimbi yana njia ya kurudi, na mara nyingi yanarudi kwa mkondo mwembamba unaokata katikati ya mawimbi kwenda nje. Utauona: pale mawimbi hayavunjiki, maji yana rangi nyingine, yana mchanga, uso wake unachemka. Ni mto mdogo ndani ya bahari. Wengi hufa kwa kuogelea kinyume chake mpaka nguvu zinaisha. Ogelea kuukata pembeni, sambamba na ufuo, mpaka utoke. Wenzetu wana msemo, bahari haishi zinge, yaani haikosi misukosuko, na ni kweli, lakini nadhani wewe utauelewa mkondo huu haraka kuliko mtu wa hotelini.

---

BintiWaKambi

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu. Hilo la mkondo kama mto mdogo limeniingia, kwa sababu ndivyo tunavyowafundisha wageni: usipigane na mto, uupe pembe, ukatize mpaka penye maji yaliyotulia. Na kumbe hata namna ya kutoka nje kupita mawimbi ni kuutumia huo mkondo?

---

MzeeWaLikoni

Marahaba. Ndiyo, waliozoea huutumia kutokea nje, badala ya kugongana na mawimbi moja moja. Lakini siku tatu za kwanza, hapana. Kaa penye maji ya kiunoni na povu.

---

GuluMpakaColon (Gulu)

Dada, hapa mimi nina la kusema kwa sababu niliishi kule. Mwaka 2016 nilipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Amani, kile kilichoanzishwa kwa idhini ya Umoja wa Mataifa mwaka 1980. Kiko Ciudad Colón, nje kidogo ya San José, mji mkuu, juu ya kilima. Kila mwisho wa wiki nilipokuwa na nauli nilipanda basi kwenda pwani. Kupanda mawimbi nilijifunza hapo, nikiwa na miaka 33, kwa hiyo umri usikusumbue.

Nianze na Pavones, maana najua ndiko moyo uliko. Yule mzee hakukudanganya, ni kati ya mawimbi marefu zaidi ya kushoto duniani. Lakini Pavones inalishwa na mawimbi yanayotoka kusini, yanayozaliwa na dhoruba za baridi huko chini upande wa New Zealand. Yanasafiri zaidi ya wiki nzima baharini kabla hayajafika Costa Rica. Dhoruba hizo zina nguvu kuanzia Aprili mpaka Oktoba. Ukienda mwishoni mwa Novemba unaweza kukaa wiki nzima Pavones ukitazama maji yaliyolala. Ukienda Mei, wimbi lipo, lakini mvua imeshaanza, safari kutoka San José inakula siku nzima, na siku wimbi linapoamka watu hutoka kila kona kulifuata. Wote wanakaa mahali pamoja, pale linapoanzia. Kanuni ni kwamba aliye karibu zaidi na pale linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi, na mwingine haruhusiwi kuingia mbele yake. Mtu ambaye hajazoea kusoma bahari atamkatiza mwenzake bila kujua, na kwenye wimbi refu hivyo utakuwa umemnyang'anya mtu alichosafiria.

Kwa hiyo ushauri wangu ni Novemba, nusu ya pili, na uende Playa Guiones, Nosara, rasi ya Nicoya. Nusu ya kwanza ya Novemba mvua bado inaweza kukufuata, na Oktoba usithubutu upande ule, barabara zinakuwa matope. Kuanzia mwisho wa Novemba mvua inakatika, mawimbi ya kusini yamepungua lakini hayajaisha, yanabaki ya kifua au kiuno, na bei za vyumba bado hazijapanda. Zinapanda katikati ya Desemba. Guiones ni mchanga mtupu, ufuo mrefu, wimbi linavunjika sehemu nyingi, kwa hiyo hata watu wakiwa wengi unapata pako. Karibu hapo kuna Ostional, ambako kasa hupanda ufuoni kwa maelfu usiku kutaga mayai. Wakitokea ukiwa pale, nenda na mwongozaji wa kijiji, acha ubao siku hiyo.

Wengi watakuambia Tamarindo. Ni rahisi kufika na ina wimbi laini. Mimi sikuipenda, ina watu wengi mno, na kuna mlango wa mto wenye mamba. Wewe unafanya kazi na mamba wa Nile, unajua adabu yao: usikate mlango wa mto jioni, basi.

Ubao ukodishe huko, usibebe. Mrefu, futi nane au tisa, ule wa juu laini. Najua mtoni unatumia mfupi mnene. Uache Jinja. Kwa wimbi dogo la bahari, ubao mrefu ndio utakaokupa mawimbi ishirini kwa asubuhi badala ya matatu, na mwili unajifunza kwa kurudia.

Vitu vyako vilinde. Mimi niliacha begi chini ya mnazi nikaingia majini saa moja, nikakuta mchanga. Kompyuta yenye nusu ya tasnifu yangu ilikuwa ndani. Nililia kama mtoto. Ufuoni nenda na ufunguo wa chumba shingoni na si kingine.

Chakula hutapata shida. Tafuta vibanda vya chakula wanavyoviita soda. Agiza casado: wali, maharagwe, kachumbari, kipande cha samaki au kuku, na gonja, yaani ndizi, ya kukaanga. Ndiyo, gonja hii hii yetu. Siku ya kwanza niliiona kwenye sahani nikakaa kimya kidogo.

Na kwa kuwa umesema ni mtoto wa kambi: San José panda mpaka Makumbusho ya Taifa. Lile jengo lilikuwa kambi ya jeshi. Mwaka 1948 José Figueres aliinua nyundo akapiga ukuta wake, akatangaza jeshi limevunjwa, na mpaka leo nchi haina jeshi. Matundu ya risasi za vita vyao bado yako ukutani. Mimi wa Gulu nilisimama pale muda mrefu.

---

DadaTiketi (Kampala Road)

Nakata tiketi kwa kazi, kwa hiyo naleta habari za karatasi.

Pasi ya Uganda inahitaji viza ya Costa Rica. Anza miezi mitatu kabla, si wiki tatu. Watataka kuona tiketi ya kurudi au ya kuendelea mbele, na uwanjani wanaweza kuiomba tena. Usinunue tiketi yoyote inayopita Marekani kama huna viza yao. Hata kama hutoki uwanja wa ndege, wao hawana kupita bila viza. Nimeona watu wanarudishwa kaunta pale Entebbe wakilia, tiketi imeshalipwa, haina marejesho. Njia nyepesi ni KLM, Entebbe hadi Amsterdam, kisha Amsterdam hadi San José. Kabla ya kulipa, thibitisha na ubalozi wa Uholanzi masharti ya kupita kwa pasi yako.

Angalizo jingine ambalo wengi hawalijui. Tangu Oktoba 2023 uwanja wa ndege wa El Salvador umekuwa ukitoza abiria wenye pasi za nchi za Afrika na India dola 1,000, na kodi juu yake inafika 1,130. Ukiona tiketi ya bei nzuri inayopita San Salvador, jua inaweza kuwa na mwiba huo. Kwa hiyo hata kama mtu atakusifia mawimbi ya Punta Roca, huko El Salvador, na nasikia ni mazuri, hesabu kwanza.

Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, unayo, bila shaka. Kama huna, chanjo ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya safari. Ukishachoma ni ya maisha.

Bei: kwa Novemba mwishoni wiki hii naona kati ya dola 1,600 na 1,900 kwenda na kurudi. Chukua milioni saba iwe ya tiketi na viza. Zinazobaki ni milioni kumi kwa wiki tatu. Kule kitanda cha bweni na chakula cha kibandani utamudu, hoteli hapana. Wanatumia koloni, dola moja ni kama koloni 500, na dola zenyewe wanapokea. Peleka noti safi, mpya, zisizokunjwa.

---

Kasirye_K (Entebbe)

Swali tu. Kwa nini milioni 17 zote hizo wakati bahari iko Kenya, basi la usiku mmoja na nusu?

---

MzeeWaLikoni

Kijana, swali lako ni la haki. Pwani yetu imezungushiwa mwamba. Mwamba unavunja mawimbi mbali, ufuoni yanafika yamechoka, na ndiyo maana watoto wetu huoga salama. Penye uwazi kama Malindi, wakati wa kusi, mwezi wa saba mpaka wa tisa, mawimbi huingia mpaka mchangani. Si marefu, upepo unayavuruga, lakini ni mawimbi ya bahari.

Na hapo umenipa wazo. Binti, kabla ya kuvuka dunia, nenda Malindi siku nne mwezi wa nane. Si kwa kupanda sana. Kwa kuonja chumvi machoni, kukaa juu ya ubao usiotulia, kuona maji yakipwa mpaka mashua zikalala ubavu, kisha yakirudi. Hofu yako itaishia hapo, kwa nauli ya basi. Ukifika Costa Rica usipoteze siku tano za mwanzo kushangaa.

---

GuluMpakaColon

Naunga mkono Malindi.

Halafu jana usiku nilikumbuka jambo nikaona nilikosea kutolitaja mapema, hasa kwa ulivyoandika kuhusu Bujagali. Costa Rica kuna mto unaitwa Pacuare. Unashuka kutoka milimani upande wa Turrialba kwenda Karibi, msitu mnene pande zote mbili, maporomoko madogo yanaanguka moja kwa moja mtoni kutoka ukutani. Ni kati ya mito mashuhuri ya mashua za mpira duniani. Walitaka kuujengea bwawa la umeme. Waongozaji wa mto, wakulima na wenyeji wa asili wakapinga kwa miaka mingi. Mwaka 2005 watu wa Turrialba walipiga kura ya kulikataa. Na mwaka 2015 Rais Luis Guillermo Solís akatia saini amri ya kuzuia mabwawa ya umeme kwenye Pacuare na mto mwingine, Savegre, kwa miaka 25.

Niliushuka mara moja tu. Aliyekuwa nyuma ya mashua yetu, akishika kasia la usukani, alituambia baba yake naye alikuwa kwenye hiyo kura. Aliyasema hayo akiwa anatazama mbele, maji, hakututazama sisi. Wewe ungeelewa zaidi yangu alichokuwa anasema.

Novemba mto huo una maji mengi, upande ule mvua zake ni tofauti. Kwako si tatizo. Na ukishatoka mtoni uko karibu na njia ya kwenda Limón, kisha Puerto Viejo, pwani ya Karibi. Huko utakutana na watu weusi ambao babu zao walikuja kutoka Jamaika karne ya 19 kujenga reli. Wanapika wali na maharagwe pamoja kwa tui la nazi. Mzee wa Likoni ungedhani uko nyumbani. Kuna wimbi la mwambani linaitwa Salsa Brava, mbele kabisa ya mji. Litazame ukiwa umekaa. Si la safari hii.

---

MzeeWaLikoni

Wali wa nazi na maharagwe, Jamaika mpaka Limón. Nitamwambia kijana wangu ashuke melini.

---

BintiWaKambi

Nimechelewa kujibu, tulikuwa na kundi kubwa siku mbili mfululizo na maji yamepanda.

Habari ya Pacuare nimemsomea bosi wangu na wenzangu wawili jana jioni tulipokuwa tunafunga mashua kwenye gari. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha mmoja, ambaye ameifanya kazi hii tangu kabla yangu, akauliza: kura? Walipigia mto kura? Nikamwambia ndiyo, mwaka 2005. Akaendelea kukaza kamba, akauliza tena.

Nimeshaamua, na nataka muone kama kuna kosa. Agosti, Malindi siku nne, nimeshaongea na dada wa binamu yangu anayeishi huko. Viza naanza mwezi huo huo. Naondoka Entebbe karibu tarehe 18 Novemba. San José usiku mmoja, nione hilo jumba la makumbusho. Baba alistaafu akiwa sajini, nitampigia picha ule ukuta. Kisha basi mpaka Nosara, siku kumi na mbili Guiones, ubao mrefu, nikianzia kwenye povu kama nilivyoagizwa. Nimeangalia mwezi: nitafika maji yakiwa ya aina moja na kuondoka yakiwa ya aina nyingine, kwa hiyo nitayaona yote, bamvua na maji mafu. Siku sita za mwisho ni Pacuare na Puerto Viejo.

Pavones naiacha. Niliandika hapa nikitaka mtu aniambie inawezekana. Kaka wa Gulu umenieleza vizuri, na lile la kumkatiza mtu kwenye wimbi alilolisafiria ndilo lililonigeuza. Hapa mtoni tunapanga foleni kwenye maji yaliyotulia, mmoja anaingia, akianguka anaingia mwingine. Nikiona mgeni anaruka foleni mimi ndiye humwita pembeni. Sitaki kwenda kuwa mgeni huyo. Nitarudi mwezi wa sita wa mwaka mwingine, nikiwa najua ninachofanya.

Swali langu moja limebaki, la ubao. Siku ya kwanza ya wimbi la kweli, lisilo povu, nasubirije lipi la kupanda? Mtoni ni moja tu.

---

MzeeWaLikoni

Huja kwa mafungu. Kaa ufuoni nusu saa kabla ya kuingia, uhesabu. Utaona matatu au matano makubwa, kisha kimya, kisha tena. La kwanza la fungu liache lipite, mara nyingi yaliyo nyuma yake ni mazuri zaidi, na ukiliangukia la kwanza yaliyobaki yatakushukia kichwani. Baba alikuwa anafanya hivyo hivyo kuvusha ngalawa mlangoni.

Na jedwali la maji la Mombasa ninalo hapa dukani, la mwaka huu. Ukija Kampala pitia, nikuonyeshe namna ya kulisoma, la huko linasomwa vile vile. Niko karibu na stendi ya mabasi, uliza duka la vipuri la Mzee wa Pwani.

---

BintiWaKambi

Nakuja Jumamosi na gari la saa moja asubuhi. Nitakuletea samaki wa Jinja.

---

MzeeWaLikoni

Sangara, kama wapo. Wabichi, usiwakaange.